Ngwe ya Mama Golini

Kahawa iliyoiva ikakosa mchumaji huanguka yenyewe, na ikilala chini ya mti siku chache hutoa harufu ya pombe inayoelekea kuwa siki. Kwa wageni wanaosimama Mlowo kununua parachichi na mahindi ya kuchoma, kisha wakaendelea na safari yao ya Tunduma, harufu hiyo labda si kitu. Kwangu mimi ni harufu ya mwaka mmoja tu, mwaka ambao chuo cha jeshi kilipata kiwanja chake cha kwanza cha mpira na mama yangu akapoteza karibu kahawa yake yote. Nikiisikia hata leo, mtu mzima mwenye watoto wangu, jina linalonijia kwanza si la mama wala la chuo. Ni la mjomba wangu, Yotamu.

Nyumbani ni juu ya Mlowo, kwenye vilima vya Mbozi, mahali ambapo ukungu wa Juni huingia mpaka jikoni na mtoto huenda shule amejifunika kitenge cha mama yake kichwani. Baba alifariki nikiwa mdogo kiasi kwamba sura yake naijua kwa kuambiwa. Alituachia nyumba ya matofali ya kuchoma na shamba la kahawa lililoshuka kutoka uani hadi bondeni. Sasa, kwetu kazi kubwa haifanywi na mtu mmoja. Ukiwa na shamba la kulima au kahawa ya kuchuma, unapeleka habari kwa majirani, unapika togwa, na siku ikifika wanakuja na majembe au vikapu vyao. Kila mtu anapimiwa ngwe yake, kipande chake cha kazi, na akikimaliza anakaa kivulini analetewa togwa. Togwa hiyo si malipo. Ukiinywa, mmekubaliana mbele za watu kwamba siku utakayomwita mwenye shamba, naye atakuja. Ndiyo maana mtu akilima halafu akaondoka bila kunywa, amesema neno zito kuliko tusi. Amesema hakutegemei tena kwa lolote. Utotoni niliona jambo hilo likitendeka mara moja tu, baba mmoja na mwanawe waliokosana, na watu walilizungumza mpaka mavuno yakaisha.

Kwa mjane kama mama, hiyo ndiyo ilikuwa akiba yake. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto wa kiume, alikuwa na mimi na dada yangu Neema. Alikuwa na mikono yake. Aliipeleka kwenye mashamba ya wenzake wakati wa kulima, nao wakamletea ya kwao wakati wa kahawa. Mwaka ukienda hivyo, tulikula na tulivaa.

Mjomba Yotamu alikuwa mdogo wake mama, wa kumfuata kabisa. Bibi alipofariki, mama ndiye aliyemlea, akamsomesha kwa kahawa hiyohiyo, akamsindikiza mpaka barabarani siku alipokwenda jeshini. Jeshi likamzungusha huko na huko, halafu, kwa bahati ambayo mama aliishukuru kanisani, likamrudisha nyumbani kuwa sajenti na mkufunzi wa michezo kwenye chuo kilichofunguliwa mlima wa pili kutoka kwetu. Jamani, tulimpenda mjomba yule. Jumapili alikuja na viatu vinavyong'aa hata baada ya kutembea kwenye vumbi, mfukoni ana biskuti za jeshi ngumu kama kigae, ambazo tulizilowesha kwenye chai ndipo zikubali kutafunwa. Alinifundisha kupiga mluzi kwa vidole. Mama alimkaripia kwamba ananiharibu, mtoto wa kike hapigi mluzi, lakini aliyasema hayo huku anacheka.

Chuo hakikuwa na uwanja wa maana. Vijana waliokuwa wanasomea uofisa walicheza mpira kwenye uwanja wa gwaride, juu ya changarawe, na magoti yao yalikuwa yamechunika kila siku. Nyuma ya mabweni palikuwa na mteremko wa vichaka ambao mkuu wa chuo aliutaka uwe kiwanja cha nyasi kabla mvua hazijapita. Mashine iliyoahidiwa haikufika. Basi mjomba akaja kwenye mkutano wa kijiji, amevaa sare, akasimama mbele yetu, akaongea Kinyiha safi, bila Kiswahili cha kambini. Akasema njooni mtusaidie, kila nyumba ichukue ngwe yake, na kahawa ikiiva vijana wangu watakuja kuchuma. Mnawaona walivyo wengi, shamba la mtu mmoja kwao ni kazi ya asubuhi tu. Watu walicheka kwa furaha. Mama hakucheka. Alikaa ameinua kichwa, kama mzazi anayesikia mwanawe akisomewa nafasi ya kwanza darasani.

Kazi ilianza na mvua za kwanza. Wanajeshi walipiga vigingi na kuvuta kamba, kila familia ikapewa kipande cha kuchimba na kusawazisha. Wengine walikwenda siku moja, mbili, wakamaliza chao wakarudi kwenye mahindi yao, kwa maana ni wakati huohuo wa kupanda. Mama alimaliza ngwe yake ya kwanza akachukua ya pili. Kisha ikabaki moja ambayo hakuna aliyeitaka, upande wa juu, mahali palipopangwa liwe goli, kwa sababu katikati yake palikuwa na kichuguu kikubwa kupita mtu, kigumu kama saruji. Mama akasema ataichukua. Alikichimba kichuguu kile kwa jembe na sururu ya kuazima, na udongo wake aliubeba kwa karai kichwani kwenda kujaza upande wa chini. Sisi tulimfuata baada ya shule. Nakumbuka mvua ikimpiga, miguu yake myekundu mpaka magotini, na Neema akimwambia twende nyumbani, naye akijibu kwamba bado kidogo tu. Mchwa walikuwa wanarudi kujenga, na kila asubuhi alikuta wamepandisha udongo upya. Alipowashinda, alishuka mtoni kuchimba ukoka, akaufunga kwenye kitenge chake, akaupanda pale kwa mkono.

Mama Enika, jirani yetu, alikuja kumwita kwenye shamba lake kama kila mwaka. Mama akamwambia mwaka huu nipo kwa mdogo wangu. Mama Enika alimtazama akasema, "Sawa, lakini huku nako usituache kabisa, mwenzangu." Mama akampuuza. Mwenye mdogo wake jeshini angehangaika na nini?

Jambo moja ninataka lieleweke vizuri, maana ndilo linaloniuma. Kila siku ya kazi, mchana, wanajeshi walitoa chai ya maziwa kwenye vikombe vya bati na vipande vya mkate. Kwao ile chai ndiyo ilikuwa asante. Umefanya kazi, umekunywa chai, tumemalizana. Askari aliyetoka Mara au Tanga angejuaje vingine? Simlaumu. Mama alikipokea kikombe kile kwa mikono miwili, akakinywa chote, kama togwa. Na aliyekuwa akizunguka na birika, akimimina mwenyewe, akitania huyu na kumsalimia yule, alikuwa mjomba Yotamu. Yeye alizaliwa palepale. Alijua kila kikombe anachokijaza kinamaanisha nini kwa anayekipokea, naye akaendelea kumimina.

Kiwanja kilipendeza. Ukoka ulishika, na kwa miezi kadhaa ulizungushiwa miti tusiukanyage. Sisi watoto tulikuwa tumeshakigawa kwa majina ya waliokilima. Kona ya chini ilikuwa ya kwa kina Enika. Katikati palikuwa pa mwalimu wa kwaya. Na goli la juu lilikuwa letu, ngwe ya mama. Nilitamba nalo shuleni mpaka wenzangu wakanichoka.

Juni ikaingia na baridi yake, kahawa ikaanza kuwa nyekundu. Mwaka huo Neema alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari ya bweni, na tulikuwa tumekwisha kuonyeshwa vinavyotakiwa: godoro, sanduku la bati, sare mbili, ndoo. Vyote vilikuwa vinaning'inia kwenye ile miti. Mama alisubiri kahawa iive vizuri, akamwambia mjomba wakati umefika. Mjomba akajibu, "Jumamosi, dada. Wapikie kidogo tu, wasije wakakumaliza." Hata alishuka naye shambani, akatazama miti, akashika matawi yaliyoinama, akasema Mungu amekujalia.

Alipika kidogo? Mama aliazima masufuria ya kanisa. Alipika kande, akapika togwa ya kujaza mitungi, akakopa vikapu vya nyumba zote zilizokubali kumpa. Uani palifagiliwa mpaka ardhi ikabaki na alama za ufagio, nasi tukaogeshwa kwa maji ya baridi na kuambiwa tusichafuke. Jua likatoka, ukungu ukapanda. Hakuna aliyekuja. Halafu kutoka mlima wa pili tukasikia tarumbeta, na baada ya tarumbeta filimbi, na baada ya filimbi kelele za watu wengi. Mama akasema labda wanafanya mazoezi, watakuja wakimaliza. Kelele zikazidi. Mwishowe akaniambia, "Sekela, hebu kimbia ukamwangalie mjomba wako."

Nilikimbia. Kiwanja kilikuwa kimepambwa bendera, chokaa nyeupe imechorwa juu ya majani, mageti ya chuo wazi, watu wamejaa pembeni. Ilikuwa siku ya kukizindua, chuo kinacheza na vijana wa Tunduma. Na golini, kwenye goli la juu, juu ya ngwe ya mama, amevaa glovu na fulana ya kijani, alisimama mjomba. Nilizunguka nikaenda nyuma ya wavu. Mpira ulipotoka alikuja kuuchukua, nikamwambia, "Shikamoo mjomba. Mama anakusubiri. Chakula kimeiva." Alitazama kwanza jukwaani, walikokaa wakubwa. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, haraka, "Mwambie nakuja." Akaupiga mpira mbali, akarudi katikati ya goli, akawa anawapigia kelele mabeki wake warudi nyuma. Nilisubiri kidogo ageuke tena. Hakugeuka.

Nilimpelekea mama maneno yale kama nilivyopewa. Aliyaamini. Aliyaamini mpaka jua likawa la njano, mpaka kande ikakauka juu, ndipo akaanza kuwagawia watoto wa jirani. Togwa ilikaa ikachachuka. Jumatatu tulianza kuchuma sisi watatu, lakini kahawa haimsubiri mtu, na majirani nao walikuwa kwenye zao, wakienda kwa wale waliowalimia. Mwaka huo hapakuwa na nyumba mama aliyoilimia. Mama Enika alikuja siku mbili kwa huruma, na huruma yenyewe ilimuuma mama kuliko kazi. Nyingi ilianguka. Tuliyoiokota chini tuliikausha na maganda yake, na wanunuzi wa Mlowo waliishika kwa vidole viwili, wakaitupa tena kwenye gunia. Harufu ile ikakaa shambani mpaka Agosti. Neema hakwenda sekondari. Alisema atakwenda mwakani, na mwakani alikuwa yuko Tunduma, mpakani, anamsaidia mwanamke mmoja kuuza vitenge, anapatana bei na Wazambia kwa Kibemba. Yuko huko mpaka leo. Ana duka lake, ana maneno, ana watoto waliosoma. Lakini mtoto akimwomba amsaidie hesabu za shule, huinuka akasema ngoja niangalie jikoni.

Mjomba alikuja baada ya wiki kadhaa, na biskuti. Alimwambia mama kwamba jeshi lina taratibu zake, wakubwa wamekataa, angefanyaje yeye sajenti mdogo. Mama alimpikia chai. Alikubali, kwa kuwa wakubwa wakikataa wamekataa. Mwaka uliofuata mjomba alipanda cheo, na mama akaenda kanisani kutoa shukrani kwa ajili yake. Halafu siku moja, muda mrefu baadaye, mkufunzi mmoja aliyekuwa na mjomba chuoni tangu wakati ule alikuja nyumbani kununua maziwa. Mama, kwa mazungumzo tu, akasema pole pole kwamba anaelewa, wale wakubwa wa wakati ule walikuwa wakali. Yule bwana akashangaa. Akasema, "Kuchuma kahawa? Hatukuambiwa hata siku moja, mama. Tungekuja. Wengi wetu ni watoto wa wakulima, na Jumamosi nyingi tulikuwa tunakaa tu." Mama alikuwa ameshika kata ya maziwa. Alimalizia kupima, akapokea pesa, akaaga vizuri. Kisha akakaa kwenye kizingiti akasema, si kwangu wala kwa mtu yeyote, "Hata kuomba hakuomba."

Tangu hapo niliacha kupiga mluzi. Nasema wazi, kinyongo ninacho, wala sijajaribu sana kukiondoa. Angesema tangu mwanzo kwamba hawezi, mama angekwenda kwa Mama Enika. Angesema Ijumaa ile ile, tungeokoa nusu. Aliona aibu kuwaambia maofisa kwamba ameahidi uchumaji wa kahawa kwa niaba yao, na ile aibu yake ndogo akaja kuitua juu ya kichwa cha dada yake.

Kiwanja chenyewe kimekuwa na maisha marefu. Kwanza waliongeza uwanja wa mpira wa wavu pembeni, ambako vijana walianika sare kwenye wavu hadi walipopigwa marufuku. Ukafuata wa kikapu, wa saruji, wa kwanza kuonwa na sisi, na tulikwenda Jumapili kudundisha mpira wa matambara ambao haukudunda. Kisha ikaja njia ya kukimbilia, ya mviringo, udongo mwekundu ulioshindiliwa, iliyokata kijia chetu cha kwenda mtoni. Kwa miaka mingi tuliruhusiwa kuingia baada ya ibada, na majina yetu yaliendelea kuishi. Ungemsikia mtoto ambaye wakati wa kuchimba hakuwa amezaliwa anapaza sauti, piga kona ya kwa kina Enika. Halafu wakajenga uzio, halafu ukuta. Majina yakaisha, kwa sababu waliokuwa ndani hawakuyajua na waliokuwa nje hawakuwa na pa kuyatumia.

Mwaka jana walizindua jukwaa jipya, lenye paa la bluu na taa ndefu zinazoonekana mpaka kwetu. Kijiji kilialikwa, kikaketishwa upande wa jua. Nilikuwa nimekuja likizo, nikampeleka mama, ambaye sasa hutembea ameshika bega la mtu. Mjomba Yotamu, mstaafu, amevaa suti ya kijivu, aliombwa kusimulia historia ya viwanja kwa kuwa ndiye aliyebaki wa zama zile. Alisimulia vizuri, sitamnyima. Alieleza changarawe na magoti yaliyochunika, akaeleza mvua, akaeleza ukoka. Akasema hapa palikuwa pori tupu, na vijana wa chuo hiki walikichimba kiwanja kwa mikono yao wenyewe. Watu wakapiga makofi. Nikamgeukia mama. Alikuwa anatazama goli la juu.

"Kichuguu hakukitaja," akasema.

Nikamrudisha nyumbani, nikidhani yameishia hapo. Lakini mjomba, baada ya kustaafu, amejenga karibu yetu, na mwezi uliofuata alipeleka habari kwa majirani kwamba anaomba watu wa kumchimbia mashimo ya miche ya kahawa. Ndiyo, kwa desturi ileile. Nilimwambia mama asithubutu. Nilimwambia kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea. Alinisikiliza, akanituma nimletee jembe lake.

Alipimiwa ngwe kama wengine. Vijana walitaka kumsaidia, akawakatalia. Alichimba mashimo yake akiwa amepiga magoti, kwa sababu mgongo haukubali tena kuinama, na alikuwa wa mwisho kumaliza, watu wote wamekwisha kukaa kivulini wakimngoja. Jua lilikuwa kali. Mjomba mwenyewe alimletea togwa, kikombe kimejaa, amekishika kwa mikono miwili, akapiga goti mbele yake kama mdogo mtu anavyotakiwa. "Karibu, dada," akasema. Mama alifuta udongo mikononi taratibu, akamtazama usoni, akasema, "Ahsante, Yotamu. Mimi nakwenda." Akanishika bega. Tukaondoka. Nilipotazama nyuma mara moja, mjomba alikuwa bado amepiga goti na kikombe chake.

Kutoka upande wa jukwaa la bluu filimbi ilikuwa inalia, vijana wanacheza. Tulipofika kwenye kona ya ukuta wa chuo nilimuuliza mama kama hana kiu.

"Ninayo," akasema. "Koo linaniwaka. Twende haraka nyumbani nikanywe maji."